Tuzo ni za Washington, mbona anayeshinda katoka New York?

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Silver Spring, Maryland, mzaliwa wa Tanga, mchana anatunza wazee, jioni anaigiza kwenye vikundi vidogo vya Washington na vitongoji vyake. Nalifupisha: "Kaka, hizi tuzo za Helen Hayes si wanasema ni za maigizo ya Washington? Mbona kwenye majumba makubwa naona anayependekezwa ni mtu kashuka kwenye treni kutoka New York, kafanya shoo wiki sita, kaondoka, sisi tunaolipa pango hapa tunabaki kupiga makofi. Hii si ndo kama wazungu walivyokuwa wanaleta waigizaji kutoka London kule Nairobi enzi zile? Kwa nini wasiweke sheria kwamba tuzo apewe mkaazi tu? La pili, kuna jumba Richmond wameniita, wananipa na pa kulala, niende?"

La Richmond nitalifikia mwisho, manake lina utamu wake.

Dada yangu, kwanza pole, na mi hasira yako naijua vizuri. Kazi yangu ni umeneja wa jukwaa, yule mtu anayekaa gizani na hedifoni anaita taa na kuhakikisha kila mtu yupo mahali pake, kwa hiyo nimewapokea hao wageni stesheni, nimewaonyesha duka la karibu na wapi pa kufua, na nimekaa meza moja usiku wa tuzo na wenyeji waliokosa wakijifanya wanacheka. Ila sehemu kubwa ya hasira yako umeipeleka kwenye mlango ambao sio, wenye funguo wako mlango mwingine.

Tuanze na tuzo yenyewe. Tuzo za Helen Hayes, jina la mwigizaji maarufu wa zamani, zilianza kuandaliwa 1983, sherehe ya kwanza ikawa 1985, siku hizi zinasimamiwa na taasisi ya theatreWashington. Kwa miaka mingi kulikuwa na mgawanyo wa "mkaazi" na "asiye mkaazi" na hapo ndo watu wengi wanapotea, wanadhani mkaazi ni mwigizaji. Hapana. Mkaazi ni igizo. Jumba la Washington likitengeneza igizo lake lenyewe, seti imepigiliwa misumari hapa, nguo zimeshonwa hapa, basi hilo ni igizo la mkaazi hata kama kila aliyesimama jukwaani ana funguo za chumba cha Brooklyn, New York, mfukoni. Asiye mkaazi ni lile igizo linalozunguka nchi nzima, malori yanalishusha pale Kennedy Center au National Theatre, linakaa wiki mbili tatu, linapakiwa tena. Yaani wanaangalia nani kapika, hawaangalii samaki kavuliwa wapi. Mama lishe wa Ngamiani hawezi kunyimwa zawadi ya mapishi ya mtaa kwa sababu kibua chake kimetoka Pemba.

Chicago nako ni vilevile. Tuzo zao za Joseph Jefferson, wenyewe wanaziita Jeff tu, zipo toka 1968, na toka 1973 zimegawanyika: upande mmoja maigizo yanayoajiri kwa mkataba wa chama cha waigizaji, Actors' Equity, upande wa pili yale yasiyo na mkataba huo. Sherehe zenyewe ni mbili tofauti, miezi tofauti. Washington wakaja kufanya kitu kinachofanana, toka sherehe ya 2015 tuzo zikakatwa mafungu mawili, maigizo yenye wanachama wengi wa Equity yakaenda fungu la "Hayes", yenye wachache yakaenda fungu la "Helen". Jina la bibi wa watu limekatwa katikati kama muwa, nilicheka sana siku ile. Lakini angalia walichokata: wamekata kwa kadi ya chama. Kadi unaweza kuihesabu, ukaazi je? Mtu aliyehamia hapa mwaka jana ni mkaazi? Anayekaa Baltimore ambako ni kilomita 60 na kitu tu? Kijana aliyezaliwa hapa hapa, kasoma maigizo hapa, akakosa kazi miaka mitatu akaenda New York, na ni kutoka New York ndo akaitwa kurudi nyumbani kwao kuigiza, huyo ni mgeni? Huyo wa mwisho nimemuona kwa macho yangu zaidi ya mara moja. Na wewe wa Tanga, kamati ikikaa kuhesabu wenyeji unadhani watakuweka wa ngapi?

Halafu kuna jambo ambalo huwa nawaambia watu wakishaanza kupiga meza. Helen Hayes mwenyewe alizaliwa Washington 1900, kweli, lakini 1909 alishakuwa Broadway, kule kwenye majumba makubwa ya maigizo ya New York, katoto ka miaka 9, na sehemu kubwa ya kazi yake ya jukwaani ilikuwa kule, nyumba yake ilikuwa Nyack, jimbo la New York, kafia huko 1993. Kwa sheria unayoitaka wewe mwenye jina asingepata tuzo ya jina lake! Joseph Jefferson mwenye jina la tuzo za Chicago, naye mwigizaji, alizaliwa Philadelphia 1829 na alikuwa msafiri wa kutupwa, alifika Chicago akiwa mtoto na kampuni ya maigizo ya familia yake halafu miongo kadhaa akawa anazungusha nchi nzima igizo lile lile moja. Philadelphia nao tuzo zao ni za Barrymore, ndugu watatu waigizaji, Lionel, Ethel na John, wazaliwa wa Philadelphia ndiyo, ila umaarufu wao ulipikwa New York na Hollywood. Na yule bibi yao Louisa Lane Drew, aliyeendesha jumba la Arch Street pale Philadelphia toka 1861, yeye alizaliwa London akaletwa Marekani mtoto. Miji mitatu, tuzo tatu, na majina yote ni ya watu wa kuhamahama, hii kazi ndo ilivyo tangu enzi za mikokoteni na farasi.

Sasa tuingie kwenye pesa manake ndo penyewe.

Unadhani mgeni analetwa kwa sababu ni rahisi kwao? Mgeni ni ghali. Majumba makubwa ya mikoani yana umoja wao, LORT, toka 1966, na mkataba wao na Equity unasema ukimtoa mtu mji mwingine umpe malazi na nauli juu ya mshahara. Mazoezi wiki tatu nne, shoo wiki nne mpaka sita, shoo nane kila wiki, Jumatatu mapumziko, muda wote huo chumba kinalipiwa na jumba, na pango la Washington unalijua. Wewe wa Silver Spring unakuja na treni ya Red Line, unarudi kulala kwako, huwagharimu kitu. Kwa hesabu ya duka mwenyeji angeshinda kila siku. Kwa hiyo ukiona jumba linakubali kulipa zaidi ili lisikuchukue wewe, ujue kuna kitu kinalivuta kwa nguvu kuliko hiyo gharama, na ndo hicho cha kugombana nacho.

Mara nyingi kinachovuta ni mwongozaji. Ameajiriwa mwongozaji wa New York, na yeye anawajua wa kwake, kafanya nao kazi, simu anazo, na jumba lenyewe lina mtu wa kastingi, yaani wa kutafuta waigizaji, ambaye ofisi yake iko kule kule. Usaili wa Washington unafanyika, manake mkataba unautaka ufanyike, lakini nimewahi kukaa kwenye chumba cha usaili cha jumba moja (silitaji) tukawasikiliza watu wa hapa siku nzima, wamevaa, wamekariri, wametetemeka, na mi najua, na wote mezani tunajua, kwamba nafasi tano kati ya saba zilishajazwa wiki mbili nyuma. Siku ile nilirudi nyumbani nimenyong'onyea. Sasa hiyo ndo dhuluma dada, sio ile ya usiku wa sherehe. Usiku wa sherehe ni matanga tu, mtu alishakufa zamani.

Kingine ni maigizo ya ubia, majumba mawili au matatu ya miji tofauti yanachanga pesa kutengeneza igizo moja, linaanza kwenu linaenda kwao, waigizaji wale wale. Humo hata kama wenyeji wapo ni wachache, manake nusu ya kazi iko mji mwingine na kule wewe ndo utakuwa wa kulipiwa chumba. Kingine tena ni yale yanayopita hapa yakielekea Broadway. Igizo la muziki la Dear Evan Hansen lilionyeshwa kwa mara ya kwanza kwenye jumba la Arena Stage pale Washington kiangazi cha 2015, na Ben Platt aliyekuwa mhusika mkuu ndo huyo huyo aliyekuwa naye Broadway Desemba 2016. Prodyuza mwenye macho ya Broadway hawezi kukupa uhusika mkuu kwa sababu unakaa Silver Spring, tusidanganyane. Lakini igizo la namna hiyo likipita mjini linaacha kitu pia, mafundi wanafanya kazi, waigizaji wa akiba wanapatikana hapa hapa, tiketi zinaisha na pesa ile inalipia igizo dogo la mwezi wa pili ambalo waigizaji wake wote ni wa hapa.

Na kuna mtego wa kadi, ambao wenyeji hatupendi kuuongelea. Ukiwa na kadi ya Equity huruhusiwi kuigiza kwenye kikundi kisicho na mkataba wa Equity. Vikundi vidogo unavyofanyia kazi wewe vingi havina. Kwa hiyo mwenyeji mwenye akili anaiahirisha kadi ili asikose kazi ndogo ndogo, na jumba kubwa nalo, ambalo mkataba wake unaruhusu wasio na kadi wachache tu, likimtafuta mtu mwenye kadi mwenye umri fulani na sauti fulani linaangalia orodha ya hapa linakuta wachache, linasema "hamna mtu mjini" na kupiga simu New York. Watu wapo tele, ila wamejificha nyuma ya hesabu ya riziki. Toka 2021 kuipata kadi kumekuwa rahisi, ukiwa ulishawahi kulipwa kuigiza unaweza kuomba, lakini kuipata haikuwa ndo shida, shida ni kuishi nayo ukishaipata. Bima ya afya ya chama nayo inahesabiwa kwa wiki ulizofanya kazi, ndo maana waigizaji wakikutana hawaulizani una tuzo ngapi, wanaulizana una wiki ngapi. Mgeni anapochukua nafasi anachukua wiki zako. Kikombe utakisahau, wiki zile hutazisahau siku mtoto akiumwa.

Turudi nyuma kidogo, kuna hadithi ya Arena Stage huwa siachi kuisimulia. Jumba hilo lilianzishwa 1950, na waanzilishi wake, Zelda Fichandler na wenzake, walitaka kitu ambacho Marekani ya wakati ule ilikuwa hainacho, waigizaji wanaoishi mji huo, wanaolipwa msimu mzima, leo ni mfalme kesho ni mlinzi wa mlango. Jumba la Guthrie la Minneapolis likaja na wazo hilo hilo 1963. Watu walinunua nyumba, watoto wakasoma shule za hapo. Robert Prosky alikaa Arena miaka 23, watu wa Washington walimjua kama wanavyomjua muuza maziwa wao, na naye, usicheke, mzaliwa wa Philadelphia. Mwisho wa 1967 Arena wakatoa The Great White Hope, mhusika mkuu wakamleta James Earl Jones kutoka nje, mgeni kabisa, na pembeni yake akasimama Jane Alexander ambaye alikuwa kwenye kundi la kudumu la Arena. Igizo likaenda Broadway 1968, mwaka uliofuata wote wawili wakapata Tony, ile tuzo kubwa ya Broadway, mgeni na mwenyeji pamoja, na igizo lenyewe likapata Tony na Pulitzer. Jumba la Arena halikupata hata senti kwenye mapato ya Broadway, na hilo liliwauma sana, nasikia bado linawauma. Lakini mwangalie Jane Alexander: yule mgeni hakumpunguzia kitu, alimnyanyua, kwa sababu mwenyeji alikuwa tayari ana mshahara na nafasi yake ndani ya jumba, hakuwa anasubiri kwenye foleni ya usaili uliokwisha.

Hicho ndo kilichopotea. Makundi ya kudumu yalikufa moja baada ya jingine kwa sababu ni ghali kumlipa mtu msimu mzima, majumba yakaanza kuajiri igizo kwa igizo, na ukishaajiri igizo kwa igizo soko lako ni nchi nzima. Ukiniambia tuandamane turudishiwe hata makundi nusu nusu, waigizaji sita saba wa mjini wenye mkataba wa msimu, nakuja na bango. Ukiniambia tuandamane mtu wa Brooklyn asipewe kikombe nabaki nyumbani.

Manake fikiria sheria yako ikipita kesho. Jumba litaacha kumleta? Mnunua tiketi wa Bethesda anauliza kama igizo ni zuri, haulizi mwigizaji analala wapi. Litaendelea kumleta, ila sasa utaona maajabu ya anwani. Mi nimefanya kazi na kaka mmoja aliyeajiriwa kama "mwenyeji" ili jumba lisimlipie chumba, anwani aliyoandika ni ya shangazi yake, alilala kwenye kochi la shangazi wiki tisa na mgongo ukamharibika kabla ya shoo ya mwisho, kila Jumapili usiku yuko kwenye basi la New York. Kwenye makaratasi yule alikuwa mwenyeji kuliko wewe. Na ushindi wenyewe utakuwa na doa, utashinda halafu watu waseme "ah, si walimtoa yule wa New York kwenye orodha". Wale wenyeji wenye vikombe vingi hapa mjini, kina Holly Twyford na Nancy Robinette, walivipata wageni wakiwa ndani ya orodha, na ndo maana hakuna anayewatilia shaka.

Ninachokipenda mi ni walichofanya Philadelphia. Pale hali ni mbaya kuliko kwetu manake New York ni saa moja na nusu tu kwa treni, mtu anaweza kuja na kurudi. Tuzo za uigizaji za Barrymore wakaziacha wazi, ila pembeni wakaweka nyingine, ya F. Otto Haas, ya msanii chipukizi wa Philadelphia, na hiyo inakuja na pesa taslimu. Hiyo sawa. Huhitaji kumfukuza mgeni mezani, weka sahani moja ya mwenyeji na iwe na nyama. Na mi ningeongeza kwamba kila jumba likitaka kuingia kwenye tuzo litangaze limeajiri watu wangapi wanaolala hapa na kwa wiki ngapi, namba ziwekwe hadharani zisomwe pale pale ukumbini kabla ya kutaja wateule. Aibu inafanya kazi ambayo sheria haiwezi.

Kuhusu Nairobi, umegusa mahali panapouma ila si kitu kimoja. Mwingereza Donovan Maule na mkewe walianzisha jumba lao Nairobi 1948, kweli waigizaji wa kulipwa walikuwa wanatolewa Uingereza, na Kenya National Theatre ilipofunguliwa 1952 haikuwa ya Mwafrika kwa miaka mingi. Lakini ugomvi wa 1976, igizo la Kimathi la Ngũgĩ na Mĩcere Mũgo na lile la Imbuga yalipopewa siku za kuhesabu pale National Theatre wakati wageni wana wiki zao, ule haukuwa ugomvi wa nani katoka wapi tu, ulikuwa wa hadithi ya nani isimame kwenye jukwaa la taifa, na nani ana kalenda mkononi. Washington mgeni na mwenyeji wanagombea nafasi ile ile kwenye igizo lile lile. Ila kwenye kalenda hapo naungana na wewe, anayepanga msimu ndo mwenye mji. Ukitaka kusukuma, sukuma upate mtu wenu kwenye meza ya kupanga msimu.

Haya, Richmond.

Dada, umeniandikia mistari mingi kwamba mgeni asipewe kitu, halafu mstari wa mwisho unaniuliza kama uende kilomita 170 na ushee ukachukue nafasi ya mtu wa Richmond, ulazwe bure! Nimecheka mpaka mke wangu kaja kuuliza kuna nini. Richmond nao wana tuzo zao za wahakiki na wana wasichana wao wenye hasira kama zako, na mmoja wao wiki hii kaambiwa "hamna mtu mjini".

Nenda. Nenda bila kujisuta, ila nenda na masikio. Kabla hujasaini hakikisha neno "mwenyeji" halipo popote kwenye mkataba wako, manake wakikuandika hivo malazi yanageuka hisani na hisani inakatika wiki ya tatu. Uliza kama chumba ni chako au mnashea, kama kina jiko, manake wiki saba za chipsi zitakumaliza sauti. Uliza usafiri wa usiku baada ya shoo, kule usitegemee treni ya kukurudisha saa tano kama huku. Mpigie bosi wako wa kwa wazee mapema uone kama atakushikia nafasi. Na siku ya kwanza ya mazoezi mtafute yule msichana wa pale aliyepewa nafasi ndogo, kaa naye chakula cha mchana, muulize mjini kwao nani anapanga msimu.

Halafu niandikie, nataka kujua atakachokujibu.